Nyumba ya Kukimbia Nayo

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, nikupe kwa ufupi, maana mambo ya Nasoro hayamsubiri mtu.

Nasoro ni dereva wa Goma, Mwislamu, babu yake alitoka Maniema. Mkewe Ramla alizaliwa Charline, huko Kalengera kwenye barabara ya Rutshuru, akabadili jina alipoolewa. Mama yake mzazi, Mama Mukamugema, hajalitamka jina hilo jipya hata siku moja.

Vita vilipopita Kalengera, nyumba ya mama ilichomwa. Usiku ule wa kukimbia, mwanawe wa pekee wa kiume, Tuyisenge, alipotelea upande wa pili wa mapigano. Mumewe, mzee Nshimiyimana, alifia kambini pembeni ya Goma, siku bomu lilipoangukia kibanda chao. Mama alipona kwa sababu siku hiyo alikuwa kwa binti yake, anafua nguo za wajukuu.

Sasa barabara imefunguka na watu wanarudi kwao. Mama amesema neno moja, halibadilishi: anataka kulala kwenye shamba lake.

"Tuyisenge akirudi, atanitafuta kule," alisema. "Hapa kwenu hapajui. Mulihama, namba zenu hana. Kwetu anapajua hata kwa giza."

Lakini alale wapi, na nyumba ni majivu? Ndipo wiki jana tukaona ile karavani kuukuu iliyotelekezwa Kituku, karibu na ziwa, wavuvi wakihifadhi nyavu ndani yake. Mwenye kiwanja alitaka nafasi yake, akampa Nasoro aiondoe. Jirani walicheka. Ramla hakucheka. Alisema nyumba ya mbao wakiichoma, imechomwa. Hii ukisikia risasi unaifunga kwenye gari unaondoka nayo. Akaipa jina: nyumba ya kukimbia nayo.

Haya, tuendelee.

Kasheshe ilianzia kwenye gari. Noah ya Nasoro, ile iliyowalisha miaka yote, haikuwa na nguvu ya kuvuta nyumba mlimani. Binamu yake Jafari, muuza magari, alikubali wabadilishane. Alikuwa na magari mawili ya jipu uani, na akamwambia Nasoro achague.

"Tukamate ile Prado," Ramla alisema. "Iko na clim ya kupoza hewa, iko na nafasi ya batoto, na viti yake iko safi."

Nasoro alikuwa amekuja na fundi wake, Idriss, mtu wa maneno machache isipokuwa yakihusu vyuma. Idriss aliingia chini ya Prado, akakaa huko kitambo, akatoka na vumbi kwenye ndevu.

"Hii volant yake, huu usukani, ilikuwaka kulia," alisema. "Balihamisha kushoto. Kwa kutembea mujini haina shida. Kuvuta nyumba kwa mulima, mi simo."

"Na ile ingine?"

"Ile ni muzee. Inakunywa mafuta ya mazutu, inatoa moshi, clim hakuna. Lakini chassis yake ni ya kweli."

Ramla aliitazama ile Land Cruiser nzee kama msichana anavyomtazama mchumba aliyeletwa na shangazi. Nasoro akatoa ufunguo wa Noah mfukoni, akampa Jafari, na hakugeuka nyuma kuitazama. Anasema leo kwamba angegeuka, angelia mbele ya mkewe.

Idriss alifanya kazi yake vizuri. Mtu asije akamlaumu. Ndoano ya kuvutia aliifunga kwenye chassis yenyewe, siyo kwenye bampa kama wanavyofanya wenye haraka. Aliongeza ressort, zile springi, nyuma ili gari lisikae chini. Alivuta nyaya ili taa za karavani ziwake pamoja na za gari. Alichomelea mikono ya vioo, kwa sababu karavani ilikuwa pana kuliko jipu na dereva lazima aone pande zote. Mwisho akapitisha mnyororo chini, kusudi ndoano ikikatika nyumba isiende peke yake.

Kisha akampa Nasoro somo.

"Sikiliza. Bintu bizito bikae juu ya magurudumu, na kidogo mbele. Nyuma usiweke kitu. Nyuma ikilemea, hii nyumba itacheza ndombolo kwa barabara, na weye utacheza nayo hata kama haupendi muziki."

"Nimesikia."

"Usisikie. Ingia uangalie vile balipakia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, msomaji wangu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mama alikuwa ameshalaza godoro lake ndani. Ile karavani haikuwa tena gari, ilikuwa chumba cha kulala cha mama mkwe, na mkwe haoni kitanda cha mama mkwe wake. Tangu aoe, Nasoro alikuwa akikohoa tangu uani kabla ya kukaribia mlango wa mama. Leo aingie, ainame, achungulie chini ya kitanda chake? Afadhali avute karavani kwa meno.

Idriss naye ana mama mkwe. Alikuna kichwa.

"Basi bibi yako aangalie."

Ramla aliingia. Alikaa humo muda mrefu kidogo, wakamsikia anaongea na mama yake kwa Kinyarwanda, chini chini. Akatoka anajifuta mikono.

"Kila kitu iko mbele," alisema, huku anaangalia viatu vyake.

Nasoro anasema macho yale yalimwambia. Lakini mwanaume aliyekwisha kuaga majirani haoni vizuri.

Walimwachia watoto dada wa Nasoro, Kuluthumu, wakaondoka asubuhi. Mama alikaa mbele, amevaa kitenge cha kanisani, mikono juu ya mapaja. Watu wa Munigi walisimama kando ya barabara kutazama nyumba ikipita. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alizunguka karavani, akagonga ubavu wake kwa kitako cha bunduki.

"Hii ni nini?"

"Ni nyumba, chef."

"Munahamisha nyumba?"

"Tunairudisha kwao."

"Fungua ndani."

Mama alishusha kioo. "Kijana, kitanda cha mama yako kiko mule. Unataka kukiona?"

Askari alimtazama, akatazama mlango wa karavani, akatema mate pembeni. "Mupite." Nasoro alicheka mpaka Kanyaruchinya. Angejua, angemwomba yule askari afungue kwa nguvu.

Kupanda kulikuwa kwema. Ile jipu nzee ilinguruma, ikatoa moshi, ikapanda. Mama akaanza kuongea, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema Tuyisenge alikuwa mvivu wa kulima lakini hodari wa kuimba. Alisema pengine sasa ameoa. Ramla, kiti cha nyuma, aligeuka kutazama karavani.

Walipita Kibumba, kwenye mashamba ya kabichi na vitunguu vya majani, wakaanza kushuka.

Kwanza usukani ulikuwa mwepesi mikononi, kana kwamba magurudumu ya mbele hayataki tena kugusa lami. Kisha Nasoro akaiona karavani kwenye kioo cha kushoto, ikatoweka, ikatokea kwenye kioo cha kulia. Kushoto tena. Kulia. Kila ikirudi ilikuja na nguvu zaidi, na jipu nzima ikaanza kuyumba nayo.

Akakanyaga breki. Lilikuwa kosa. Nyumba ikamsukuma kwa nyuma, ikageuka ubavu.

"Yesu," Ramla aliita, licha ya jina lake la Kiislamu. Nasoro hakumlaumu, maana yeye mwenyewe alikuwa katikati ya shahada.

Aliachia breki, akarudisha gia, akaiacha injini ishike mzigo. Lori la kabichi lililokuwa linapanda liliwapita karibu sana, dereva wake amefumba macho. Karavani ikapiga ukingo, gurudumu moja likaingia mtaroni, na kila kitu kikasimama.

Mama alikuwa bado na mikono juu ya mapaja.

Nasoro alishuka akakagua. Ndoano ilikuwa salama, mnyororo ulikuwa salama. Lakini karavani ilikuwa imekaa kitako, pua imeinuka juu. Hata kipofu angejua mzigo uko wapi.

"Ramla. Nyuma kuko nini?"

Ramla alianza kulia.

"Usimuulize yeye," mama alisema, akishuka polepole. "Uniulize mi."

"Mama, nyuma kuko nini?"

"Ingia uangalie."

"Mama, kuko kitanda."

Mama Mukamugema alimtazama mkwe wake. Kisha akapanda mwenyewe ndani ya karavani iliyolala upande, wakasikia anasukumana na kitu, na godoro likatokea mlangoni. Alilivuta nje, akalisimamisha kwenye majani kando ya barabara, akalishika wima kwa mikono miwili.

"Kitanda ni godoro," alisema. "Yenye ilibakia mule ni mbao. Ingia, Papa Nasiba." Alimwita kwa jina la mjukuu wake.

Nasoro alivua viatu, akaingia. Chini ya mbao, kwenye ukuta wa nyuma kabisa, kulikuwa na magunia yamepangwa moja juu ya jingine, yamefungwa kamba za katani. Alifungua moja. Mawe. Mawe meusi ya volkano, yaleyale yanayojaa kila ua wa Goma, ambayo mtu hulipa vijana wayatoe ili apate mahali pa kuweka mguu.

Alitoka na moja mkononi. Alifikiri, Mungu amsamehe, kwamba akili ya mama imekwisha.

"Mama, haya ni mawe."

"Lile umeshika lilikuwa kwa kichwa chake," mama alisema.

Nasoro hakuelewa. Ramla ndiye aliyemwelewesha, maneno yakitoka yamekatika kwa kilio. Kule kambini ardhi ni mwamba, hakuna kuchimba. Mzee Nshimiyimana walimlaza kwenye ufa na kumfunika kwa mawe. Sasa kambi imevunjwa, watu wanaokota mawe ya makaburi wajengee nyua zao. Mama alikwenda akakuta lundo la mumewe limebaki nusu. Tangu siku hiyo walikuwa wakienda wawili, asubuhi Nasoro akiwa kazini, wanarudi na beseni kichwani, mboga juu, mawe chini.

"Ulisema kila kitu iko mbele," Nasoro alisema.

"Ningekuambia, ungekubali?"

Nasoro alifikiri, kwa sababu si mtu wa uongo. "Hapana."

"Unaona."

"Tuyisenge hakumuzika baba yake," mama alisema, bado ameshika godoro. "Akirudi, nimuonyeshe nini? Nimuambie baba yako tulimuacha kule, batu wanamujengea kibaraza? Mwili hatukuweza kuutoa kule, basi awe na mawe yake."

Heshima si utumwa, wazee walisema. Nasoro alimheshimu mama mkwe hata akakaribia kumuua, na mama alimheshimu marehemu hata akakaribia kuwaua wote. Nasoro alikaa chini kwenye ukingo, jiwe mapajani, akalia. Alimlilia mzee ambaye hakuwahi kumzoea vizuri kwa sababu ya dini, na aliyemwita "yule dereva" mpaka mwisho.

Wakulima wa Kibumba walikuja na majembe kuwasaidia kutoa gurudumu mtaroni. Mmoja, aliyevaa kofia ya pamba, aliona magunia akacheka sana.

"Munatoa mawe Goma munayaleta huku? Huku tumekosa nini?"

Mama alimjibu kwa Kinyarwanda, sentensi mbili tu. Yule mtu alivua kofia, akaiweka kifuani, kisha akaingia ndani na kubeba magunia yaliyobaki. Waliyapanga juu ya magurudumu, na kidogo mbele, kama Idriss alivyofundisha. Godoro likarudi mahali pake, na chumba kikawa tena chumba. Nasoro akageuza uso.

Kutoka hapo nyumba ilifuata gari kama mbuzi aliyezoea kamba. Walishuka Rugari taratibu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake tena. Ramla alipitisha mkono kati ya viti, akauweka begani kwa mumewe, akauacha huko.

Kalengera walifika jua likiwa juu. Mama alionyesha njia kwa kidole, hapa, hapa, kata kule kwenye mikaratusi. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Nasoro alipunguza mwendo, akaingiza nyumba kwenye njia ya shamba kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akitazama kioo hiki na kile.

Kisha akasimama.

Mahali palipokuwa na majivu palikuwa na nyumba. Ya mbao, mabati mapya, moshi unatoka jikoni. Maharage yalikuwa yametoa maua mpaka kwenye njia. Mwanamke kijana aliyekuwa anapalilia aliinuka, akafuta jasho, akawajia akitabasamu.

"Karibuni. Miye naitwa Marcelline. Munatafuta nani?"

"Tunatafuta shamba ya muzee Nshimiyimana," Nasoro alisema.

"Ni hapa. Ilikuwaka yake. Mutoto wake ndiye alituuzishia."

Ramla alishuka garini. "Mutoto gani?"

"Tuyisenge."

Mama Mukamugema aliweka kiganja juu ya boneti ya jipu, ambayo ilikuwa ya moto, na hakukiondoa. Ramla alimshika Marcelline mikono yote miwili pamoja na jembe lake.

"Yuko muzima? Ulimuona na macho yako?"

"Siku ile alikuwa muzima. Ilikuwa mwaka jana, barabara ya Goma ingali imefungwa. Alisema hawezi kubakia hapa, hakuna mutu tena. Akauzisha, akaenda upande wa Uganda."

"Hakuna mutu namna gani?"

Marcelline alishusha sauti, kama mtu anavyofanya akitaja msiba wa wenyewe. "Balimuletea habari. Bomu ilianguka kwa kibanda ya bazazi wake kule kambini. Bote babili."

Nasoro aligeuka kumtazama mama, aliyesimama mzima kando ya gari.

"Alikuwa mutu muzuri," Marcelline aliendelea. "Alituomba kitu moja tu, tusilime kule." Akaonyesha chini ya mikaratusi. "Hakupata miili. Akakata migomba mbili, akaizika, vile bazee ba zamani balifanyaka kwa mutu mwenye hakuonekana. Ule wa huku ni wa baba. Ule mwingine ni wa mama yake. Miye ndio ninaupalilia."

Yalikuwa makaburi mawili ya udongo mweusi mzuri, udongo ambao hauna hata jiwe moja. Majani yalikuwa yameng'olewa. Kila moja lilikuwa na msalaba wa mbao.

Mama aliondoka kwenye gari. Alilipita la kwanza, akaugusa msalaba wake kidogo, akaenda kusimama mbele ya la pili. Kusoma hakujui sana, lakini jina lake analijua, na lilikuwa pale, limechomwa kwenye mbao kwa msumari wa moto, herufi kubwa za mtoto asiyependa shule. Alilisoma polepole kwa kidole.

"Alilia?" aliuliza, bila kugeuka.

"Alilia, mama. Zaidi kwa huyu wa mama yake. Tulimupa maji ya kunawa, akanawa. Chakula alikataa."

"Nani alikaa naye?"

"Hakuna mutu. Alikaa peke yake mpaka asubuhi."

Mama alitikisa kichwa kidogo kidogo. Alipiga magoti, akachuma jani moja la magugu lililokuwa limeota juu ya kaburi lake, akabaki nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

Ndani ya ile nyumba mpya mtoto mchanga alianza kulia. Marcelline aligeuka kumsikiliza, kisha akawatazama wageni wake: Nasoro, Ramla, karavani iliyojaza njia, na bibi aliyepiga magoti. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni, alikuwa na huruma tu.

"Na ninyi?" aliuliza. "Mama, weye uko nani wake?"

Ramla alifungua mdomo. Mama Mukamugema akainua mkono kumzuia, akasimama, akamkabili yule mwanamke mwenye maharage yanayochanua na mtoto anayelia, akavuta pumzi ya kujibu. Alilolijibu, nitakupa wiki ijayo.